Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Harufu ya tumbaku iliyokaushwa kwa moshi bado hunifanya nitafute viatu vyangu. Sivuti, sijawahi. Lakini nikipita sokoni mahali mzee anapouza majani yaliyofungwa mafungu, ile harufu tamu kidogo na kali kidogo, kama asali iliyoungulia sufuriani, ikiniingia puani, miguu huanza kufikiri peke yake. Nimeondoka mahali pengi asubuhi bila kujua jioni itanikuta wapi. Nimeuza mitumba Lodwar, nimewapikia wajenzi Eldoret, nimechuma chai Kericho mpaka vidole vikawa vyeusi. Watu huniuliza nilijifunza wapi kuhama hivyo. Shuleni sikukaa vya kutosha kujifunza mengi, ila hili nililijua kabla shule haijanishinda. Alinifundisha Mama, nikiwa na miaka minane, na sidhani alijua kwamba ananifundisha kitu.

Aliniamsha kwa kunigusa mguu. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kushika mfuko mmoja. "Vaa sweta," alisema, basi. Kwenye godoro la chini bibi zangu wawili walikuwa wamelala, wameegemeana migongo kama magunia ya mahindi, na chumba kizima kilinuka tumbaku kwa sababu ya koti la mmoja wao. Niliwaruka. Mlango wa mabati ulilia tulipoufungua, lakini hakuna aliyeamka. Nje umande ulikuwa bado mweupe juu ya majani. Sikuuliza tunakwenda wapi.

Ili mjue kwa nini tulitoka vile, lazima kwanza niwaeleze habari ya majina.

Tulikuwa tukikaa Tuwan, Kitale, chumba kimoja kwenye ploti yenye bomba moja la maji. Baba yangu, Wekesa, alikuwa Mbukusu wa Malakisi, ambako kwao walilima tumbaku. Mama yangu, Njeri, alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa kijiji kiitwacho Kwanza, kwa sababu baba yake alitoka Murang'a akiwa kijana akanunua shamba la mahindi huko. Mimi nilidhani Kikuyu na Kibukusu ni lugha za kina bibi, kitu mtu anachopata akizeeka, kama mvi. Sisi nyumbani tuliongea Kiswahili, tena kile cha Kitale, ambacho kimeazima nguo za kila mtu na hakijarudisha hata moja.

Mama yake Baba nilimwita Kukhu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alinuka tumbaku kuanzia nywele hadi nyayo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye banda la kukaushia majani na kuulisha moto usife. Mama yake Mama nilimwita Cucu. Huyu alikuwa mfupi, mnene, alinukia sabuni ya kipande, na hakukuwa na jambo duniani ambalo hakuwa na maoni juu yake.

Kwa kina Cucu, majina yana foleni. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama, na hakuna kuruka. Mara nyingi mwenye jina yuko hai, naye hujivunia sana kumbeba yule mdogo anayeitwa kama yeye. Kwa kina Kukhu, jina hutoka kwa waliokufa. Mtoto akilia bila kukoma, watu huelewa kwamba kuna marehemu anayebisha hodi. Basi humtajia majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Kumpa mtoto jina la mtu anayepumua ni kumwambia huyo mtu kwamba amechelewa kuondoka.

Kwa hiyo nilipozaliwa mimi, Cucu alisema foleni iko wazi, niitwe jina la Kukhu. Kukhu alishika kifua. "Ati mimi? Kwani mumeona nimeanza kuoza?" Baba alicheka mpaka akatoka nje. Nililia, nikatajiwa majina, nikanyamaza kwa Nafula, mama yake Kukhu, aliyekufa zamani. Cucu alikubali shingo upande. Alisema hiyo ilikuwa zamu ya upande wa Baba, na zamu ijayo ni yake, na alitukumbusha kila Krismasi, akigawa kuku.

Kisha Baba akafa. Aliumwa kifua wakati wa mvua, tukadhani ni homa ya kawaida. Alizikwa Malakisi. Mazishi siwezi kuwaeleza, kwa maana ninachokumbuka ni viatu vya watu tu, na tope lililokuwa juu yake. Mama, aliyekuwa na tumbo kubwa, alirudi Tuwan akawa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ungemwambia chai inafurika, naye angeitazama ikifurika. Mimi pia nilikuwa na ganzi hiyo. Mnajua mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unauona ni wako, lakini ni kama umeshika mguu wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwili mzima.

Mtoto alizaliwa msichana. Bibi zangu wakafika siku moja, mmoja na kuku na mkungu wa ndizi, mwingine na maharagwe na viazi, wakalala godoro moja chini huku Mama na sisi tukiwa kitandani. Na mtoto akalia. Alilia akiwa ameshiba, alilia akiwa mkavu. Alilia kama amepewa kazi hiyo na anaogopa kufutwa.

Pale bombani wanawake wa ploti walilijadili.

"Hii ndio shida ya kuchanganya," alisema mama aliyekuwa akiuza omena. "Mtoto hajui alie kwa lugha gani."

"We nawe!" akajibu mke wa fundi viatu. "Kwani wewe Mjaluo unafanya nini Kitale? Si ungebaki kwenu na samaki yako?"

"Mimi nimekuja kutafuta."

"Na baba yake huyo Mkikuyu si alikuja kutafuta? Kila mtu hapa amekuja. Hata hii maji imetoka mlimani, haijazaliwa kwa bomba."

"Maji ni maji, bana. Mimi nasema ndoa. Angalia Makalasinga. Wako hapa tangu zamani, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na mtoto wao akilia wanajua anataka nini."

"Umejuaje? Umewahi kumsikia akilia? Nyumba zao si ni za mawe!"

Walicheka wote. Mimi nilikuwa nikijaza mtungi. Maji yalifurika yakanilowesha miguu, nikaendelea kusimama.

Makalasinga ndivyo tulivyowaita Masingasinga wenye maduka mjini. Baba alikuwa akipakia mbao katika duka la mmoja wao, na bibi mzee wa duka hilo, ambaye kila mtu alimwita Biji kama walivyomwita wanawe, alikuja kutupa pole. Alikuwa amezaliwa Kitale, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha bibi zangu wote wawili. Aliuliza mtoto anaitwa nani.

"Tunangoja," alisema Cucu.

"Anangoja," alisema Kukhu.

Biji alitueleza kwamba kwao hufunguliwa kitabu kitakatifu, ikasomwa herufi ya kwanza ya aya, na mtoto akapewa jina lolote linaloanza na herufi hiyo. Hakuna ugomvi. "Nyinyi pia mnaweza," alisema kwa upole. "Si mna Biblia?"

Alipoondoka, bibi zangu walitazamana.

"Ati herufi," alisema Kukhu.

"Herufi tu!" alisema Cucu. "Hakuna mtu ndani!"

"Masikini. Kama namba ya gari."

Walimhurumia Biji mpaka chai ikapoa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana jambo. Mara ya pili ilikuja kesho yake, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikichambua maharagwe.

"Mama Njeri," Kukhu alianza, kwa sababu waliitana kwa majina ya watoto wao, "mwanangu ameacha hawa wawili. Siwezi kurudi mikono mitupu."

"Mama Wekesa, mimi nimekuskia. Lakini binti yangu hatakaa Malakisi. Nimeskia kuna nyumba mmemwekea pale, karibu na ya ndugu mdogo wa marehemu. Mimi si mtoto."

Kukhu aliliruka hilo la nyumba. "Huyu mukubwa ana jina retu."

"Sikatai. Huyo ni wenu, mchukueni. Lakini huyu mdogo ni zamu yangu. Akiwa Wangari kama mimi, anakuja Kwanza na mama yake."

"Na akiitikia mutu wetu?"

"Basi wote watatu ni wenu, na mimi nitarudi nyumbani na kikapu changu."

"Were anasikia," alisema Kukhu, akimtaja Mungu wa kwao.

"Ngai pia anaskia."

Huyu mkubwa ni mimi. Mtoto akiitwa Wangari, mimi ningekwenda Malakisi, na Mama na mtoto wangekwenda Kwanza. Nilielewa vizuri sana. Nilijua kwamba hapa ndipo msichana hulia, nikangoja kilio changu kije, hakikuja. Nikaendelea kuchambua, mabovu upande huu, mazima upande ule. Mama alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Macho yake yalikuwa wazi.

Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani, Kukhu alinawa mikono, akamchukua mtoto na kuketi naye mlangoni, ametazama upande wa Malakisi. Wanawake wa bombani walisogea, kila mmoja akijifanya anaanua nguo.

"Nasimiyu," Kukhu aliita, kwa sauti ya mtu aliye kwenye ua wa jirani. "Ni wewe?"

Mtoto alilia.

"Nekesa? Wewe uriyekufa ukienda mutoni?"

Mtoto alilia.

"Nanjala, rakini wewe ulikuwa na hasira. Ni wewe?"

Aliwaita wote. Aliwaita mashangazi, aliwaita waliokufa wachanga, alimwita hata bibi mmoja aliyekuwa mke wa pili na ambaye ukoo haukumpenda. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama msumeno. Majina yalikuwa yamekwisha.

"Umemaliza?" aliuliza Cucu. "Hao hawamjui. Hajawahi kulala Malakisi hata siku moja." Akampokea mtoto, akamweka begani. "Kama ni kuita, hata mimi niko na mdomo. Wangari!"

Mtoto akanyamaza.

Ukimya huo nausikia hata leo. Niliweza kusikia mabati ya paa yakipasuka kwa jua.

"Mmeona?" Cucu aligeuka huku na huku. "Mmeona nyinyi wote? Wangari! Ona anavyoniangalia! Si nilisema foleni ni foleni?"

Lakini Kukhu hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa ameinuka polepole, akishika mwimo wa mlango.

"Mama Njeri," alisema, "wewe ni muzima?"

"Mzima kabisa."

"Hapa nimeita wafu. Anayeitika hapa ni aliyekufa."

Cucu alianza kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Mimi niko hai."

"Naona. Rakini umejiita pamoja nao. Na umeitika."

"Uuuwi," alisema mama wa omena, akiwa ameshika sidiria ya mtu mwingine. "Amejiua!"

Cucu alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kitambaa chake cha kichwa cha ibada, na miaka yote alikuwa ameziita desturi za Malakisi mambo ya giza. Angeweza kusema hivyo na siku hiyo. Badala yake alimrudisha mtoto kwa Mama, akaketi, akajishika shingoni pale mshipa unapopiga, na mkono haukutoka hapo. "Nipe maji," aliniambia. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Hapo Kukhu akageuka akawa mtu mwingine. Alimvua Cucu viatu. Alimfunika kwa koti lake lenyewe la tumbaku. Alimpikia uji akamsimamia mpaka akaumaliza. "Usirare chali," alimwambia. "Kwa nini?" aliuliza Cucu. "Wao ndio huraraga chali." Kwa hiyo walilala wakiegemeana migongo, ili Kukhu ahisi mwenzake akipumua. Sijawahi kuona watu wawili wakipendana namna ile kwa sababu ya kutoelewana.

Jina likabaki bila mtu. Cucu alisema mtoto asiguswe nalo kabisa. Kukhu hakuwa na lingine, wafu wake walikuwa wamekataa. Lakini mimi bado nilikuwa Nafula. Juu yangu walikuwa wameshapatana, na hakuna kilichobadilika. Kabla hajalala, Kukhu alikuwa amekunja magauni yangu yote akayatia kwenye mfuko na kuuweka karibu na mlango.

Ni mfuko huo Mama alioubeba asubuhi. Sikuugundua mpaka tulipokuwa barabarani.

Mahali pa kupakia mbao tulimkuta dereva aliyekuwa rafiki yake Baba, akifunga kamba kwenye lori.

"Shemeji! Unaenda wapi na mtoto mchanga saa hii?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Bungoma."

"Basi ndiko naenda."

Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akafungua mlango. Tulipanda mbele. Ndani kulinuka misonobari iliyokatwa. Kutoka juu kule niliyaona mahindi ya Kiminini yakiinama yote upande mmoja, na wanawake wa Kamukuywa wakipanga nyanya, na karibu na Webuye bomba refu la kiwanda lisilotoa moshi. Niliuliza kwa nini halitoi moshi. Dereva akaanza kunieleza, nikauliza tena, na tena. Nilikuwa sijauliza swali lolote tangu Baba afe. Mama aliutoa mkono wake mfukoni akauweka juu ya goti langu, na mkono ulikuwa mzito, kama kitu alichoomba nimshikie.

Bungoma ilikuwa na vumbi, na hatukumjua mtu. Tulitembea nyuma ya soko tukiuliza vyumba. Mwanamke wa kwanza aliuliza Mama ni wa wapi.

"Kitale."

"Kitale si kabila. Jina?"

"Njeri."

Chumba kilikuwa kimechukuliwa asubuhi hiyohiyo, alisema, bahati mbaya. Kwenye nyumba ya pili Mama alianza kwa kusema mume wake alikuwa wa Malakisi. "Si uende basi kwa shemeji zako?" wakamwambia. "Malakisi si mbali." Tukashukuru tukatoka. Mtoto alianza kulia.

Mwanamke wa tatu alikuwa uani akikaanga mandazi, mikono yote ina unga. Hakuuliza kabila. Alisema ana chumba, ukuta wa nyuma unavuja kidogo, choo ni cha wote, na hataki walevi. Kisha akatutazama mimi na mtoto.

"Hawa wanaitwa nani? Mimi lazima nijue nani wa kupigia kelele."

Mama alimpandisha mtoto mgongoni. Nilimwona akifikiri, na nilikuwa sijauona uso wake ukifanya kazi yoyote kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopa kidogo. Aliniwekea mkono kichwani.

"Huyu ni Nafula Wangari."

"Na huyu wa mgongoni?"

"Wangari Nafula."

"Heh! Mama, umeishiwa na majina?"

"Hapana."

"Sasa nikiita Nafula, nani atakuja?"

"Wote wawili."

"Na nikiita Wangari?"

"Wote wawili," alisema Mama.

Yule mwanamke alicheka sana, akafuta mikono, akaenda kutafuta ufunguo.

Wakati ule nilidhani ni uchovu. Nilidhani Mama ameshika majina mawili yaliyokuwa karibu, kama mtu anavyoshika sufuria mbili za kwanza nyumba ikiungua. Tena lile moja lilimtisha Cucu, na nilishangaa Mama hakuliogopa. Cucu mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiwa na maoni mpaka mwisho.

Nimekuwa mtu mzima nikisikia watu wakibishana hotelini kama kuchanganyika kunajenga au kunabomoa, kama mgeni abaki mgeni au afanane na wenyeji. Mimi husikiliza mpaka chai iishe. Wana hoja nzuri pande zote, kama zile za bombani. Sijawahi kumsikia mmoja wao akimtaja mama anayelala ameutazama ukuta huku wengine wakigawana watoto wake kwa haki kabisa, kila mmoja kwa sheria ya kwao. Mama hakuwa na hoja. Alijua tu kwamba sheria ya Kukhu ingenichukua mimi kwa jina langu, na ya Cucu ingemchukua mdogo wangu kwa jina lake, na kwamba hakuna sheria kati ya hizo iliyomuuliza yeye. Kwa hiyo alitufunga pamoja, hivi kwamba anayekuja kumdai mmoja abebe na mwenzake, na jina la upande mwingine pia.

Ilinichukua miaka kujua kwamba uani pale, miguu ikiwa na vumbi, hakuwa akimjibu mwenye nyumba. Alikuwa akiwajibu wale wawili wa Tuwan, nao hawakuwepo kusikia.